Mwaitu Bado Amesimama Pale

Baba Dogo, Nairobi
9 Februari 2025

Kaka Mutie,

Nakusalimu wewe, mkeo Mama Kyule na wote mlioko hapo nyumbani. Sisi huku tupo, Mungu anatuangalia. Mbinya amerudi shuleni, sasa yuko kidato cha nne, na ameota urefu mpaka sketi ya mwaka jana nimeifungua pindo lote na bado haifiki magotini. Mimi niko pale pale Gikomba na cherehani yangu, nabadilisha zipu na kupunguza suruali za mitumba. Wanja, jirani yangu wa kibanda anayeuza mashuka, anakusalimu ingawa hamjaonana.

Najua utashangaa kupata karatasi kutoka kwangu. Usiogope, hakuna aliyekufa. Ni simu tu. Nimeizima na kuitia ndani ya kabati. Ikilia, hata kama ni mteja anayetaka suruali yake, mwili wote unaruka, moyo unanigonga mbavu, na ninaketi chini hapo hapo. Nadhani ni tangu ile siku uliponipigia kuniambia Mwaitu ametutoka, kwamba hatuna mama tena. Miaka kumi na moja imepita, lakini mlio wa simu ni ule ule. Kwa hiyo barua nitaipeleka kwa basi la Mwingi, ofisi ya vifurushi, na wewe utaichukua dukani kwa Kilonzo. Unijibu kwa njia hiyo hiyo.

Nimekonda kidogo. Hapa sokoni wananiambia nimependeza.

Kuna jambo moja nataka kukuuliza, nauliza tu. Siku zile za mwisho za Mwaitu, mimi nilikuwa huku na wewe ulikuwa naye. Watu walisema alikuwa anaona vitu. Alikuwa anaona nini?

Mdogo wako,
Ndunge


Mwingi
2 Machi 2025

Kwako Ndunge,

Barua yako nimeipata na nimefurahi kuona mwandiko wako, haujabadilika tangu darasa la saba. Hapa tunaendelea. Mbaazi zilikubali kiasi. Mbuzi wawili wamezaa, mmoja pacha. Kyule amepata kibarua cha ujenzi Kitui, anakuja mwisho wa mwezi. Mama Kyule anasema ukija utuletee shuka kwa huyo Wanja.

Mgongo wangu ni ule ule ulioniachisha udereva wa lori. Nikikaa sana unauma, nikisimama sana unauma. Nimezoea.

Kuhusu simu, washa tu. Simu haiwezi kumla mtu.

Uliuliza habari za Mwaitu. Mwaitu alilala vizuri. Alikuwa mzee, na wazee huenda. Hayo mengine ni maneno ya watu wa kisimani. Usiyachimbe.

Kula vizuri. Kukonda si kupendeza.

Kaka yako,
Mutie


Baba Dogo
23 Machi 2025

Kaka Mutie,

Salamu kwenu, na hongera kwa mbuzi. Mbinya ameniandikia kwamba hesabu inamshinda lakini Kiswahili anaongoza darasa. Huku mvua imeanza, na njia ya kuingia sokoni imekuwa tope tupu. Wasukuma mikokoteni wanapita wakitutukana, na sisi tunawatukana, siku inaisha.

Mutie, Mwaitu hakuwa mzee. Alikuwa na miaka hamsini na minane. Wewe mwenyewe unaikaribia.

Sasa nitakwambia lile nililoficha. Mwezi wa kwanza nilienda kliniki kwa sababu ya kiu. Nilikuwa nakunywa maji mtungi mzima na bado ulimi umekauka. Wakanitoboa kidole wakasema ni sukari. Wakanipa vidonge, wakaniambia nile kwa mpangilio, lakini nilisikia neno moja tu, sukari, nikatoka nimekufa ganzi. Tangu siku hiyo chakula kimekuwa adui. Ugali nauogopa. Ndizi naiogopa. Nameza kidonge asubuhi, nakunywa chai kavu, naenda kazini, na mara nyingi hata mchana sili. Sijamwambia mtu, hata Mbinya.

Tena kuna jambo lingine. Siku nyingi, kabla ya adhuhuri, nikiwa nimeinamia cherehani, woga unaniingia. Si woga wa kitu. Unaanzia vidoleni, uzi unanishinda kupitisha kwenye sindano, jasho linanitoka mgongoni hata kukiwa baridi. Halafu nikiinua macho, Mwaitu amesimama pale wanapofungulia marobota. Amefunga kile kitambaa cha kijani. Hasemi. Hanipungii mkono. Ananitazama tu, kama mtu aliyekuja kuchukua kitu na anasubiri apewe.

Mara ya kwanza nilimwita kwa sauti. Wanja akageuka: "Unaita nani?"

"Hakuna," nikamwambia.

"Mama Mbinya, umelowa kama umemwagiwa maji. Unaumwa?"

"Ni joto," nikasema. Na mvua ilikuwa inanyesha.

Kanisani akina mama tunaanza mfungo wa siku tatu tarehe saba Aprili, chakula na maji hapana. Mchungaji alitangaza wenye kutumia dawa wasifunge. Mimi niliinua mkono pamoja na wengine. Nataka kujua kama ataondoka. Kama hii ni roho, itaondoka kwa maombi.

Kwa hiyo nakuuliza tena, na tafadhali usinijibu habari za mbuzi. Mwaitu alikuwa anaona nini?

Ndunge


Mwingi
11 Aprili 2025

Ndunge,

Sina salamu ndefu leo. Nilikuwa Kyuso kwenye mazishi ya mjomba wa Mama Kyule, nikakaa huko karibu wiki mbili, na barua yako ilikuwa imelala dukani kwa Kilonzo chini ya magazeti. Nimeisoma nikiwa nimesimama pale kaunta. Tarehe saba imepita. Nimekupigia simu mpaka Kilonzo akaniambia niache, inasema haipatikani. Sina namba ya Wanja wala ya mtu yeyote wa kwenu.

Usifunge. Kama umeanza, acha. Kama umemaliza, kula sasa hivi kabla ya kuendelea kusoma.

Nitakuambia. Mwaitu alikuwa na sukari. Daktari wa hospitali alisema, nasi tukasikia, na alipewa vidonge kama hivyo vyako. Alikuwa anavimeza halafu anakwenda shambani bila kula, unajua alivyokuwa. Ikifika saa ile ya jua kali alikuwa anarudi mbio, jasho limemlowesha, anatetemeka, anasema kuna mtu amesimama kando ya ghala. Mama yake, nyanya yetu Nthambi. Alikuwa anasema, "Mutie, mwambie aketi, amesimama sana." Mama Kyule alikuwa akimpa uji, anakunywa, anatulia, na baada ya muda kidogo anauliza kwa nini tumemzunguka. Hayo yalirudi mara nyingi. Hakuna aliyeunganisha uji na kutulia. Tulidhani ni maombi, kwa sababu tulikuwa tunaomba huku anakunywa.

Siku ya mwisho alikuwa peke yake shambani.

Sikutaka ubebe hilo. Sasa unalo.

Ningekuja mwenyewe leo badala ya kuandika, lakini mgongo. Kilonzo anaikimbiza barua hii stendi.

Nijibu. Hata neno moja.

Mutie


Baba Dogo
27 Aprili 2025

Kaka yangu,

Niko hai. Naanza na hilo kwa sababu najua umekaa na barua hii mkononi bila kuifungua. Mama Kyule pole kwa msiba. Mbinya yuko nyumbani likizo, ndiye anayenipikia, na anaipima chumvi kama anayepima dhahabu.

Barua yako Mbinya aliniletea hospitalini. Nilifunga siku ya kwanza nikaona ni rahisi, tena nilijisifu. Siku ya pili nilimeza kidonge asubuhi kama kawaida, bila hata tone la chai, nikaenda kazini. Mapema sana Mwaitu alikuwa amefika. Mara hii hakusimama kwenye marobota, alikuwa amekuja mpaka mezani kwangu, karibu kiasi cha kumshika. Niliona nyuzi za kitambaa chake. Nilihisi kwamba nikisimama nitaenda naye, na kaka, nilisimama.

Kilichofuata nimesimuliwa. Wanja anasema nilitembea kuelekea kwenye mikokoteni nikitabasamu, nikaanguka. Alidhani ni kifafa. Mzee Roble, anayeuza viatu ng'ambo yetu na ambaye mkewe ana sukari miaka mingi, alikuja akanishika shingo.

"Huyu anameza dawa gani?" akauliza.

"Hana ugonjwa wowote," Wanja akasema.

"Tazama mkoba wake."

Wakavikuta vidonge. Nilikuwa bado naweza kumeza, basi Roble akaagiza soda, wakanipa kidogo kidogo, nusu ikaingia mdomoni na nusu kwenye blauzi, kisha wakanipakia kwenye mkokoteni wa mmoja wa wale tunaowatukana mpaka barabarani kwenye teksi. Wanja hajanisamehe. Alikuja wodini akasimama mlangoni akaniambia, "Tumekaa pamoja miaka yote hii, nakuambia mpaka ndoto zangu, na wewe unanificha ugonjwa?" Halafu akalia, na mimi nikalia.

Kuna muuguzi pale, Sista Mideva. Nilimwambia habari za Mwaitu. Nilitarajia acheke au aite daktari wa wendawazimu. Akavuta kiti.

"Hivyo vidonge hushusha sukari, umekula au hujala," akaniambia. "Sukari ikianguka, mwili unajua unakufa. Unamwaga kila kitu cha kukuamsha, moyo unakimbia, jasho linatoka, mikono inatetemeka. Mtu aliyekutana na simba huhisi hivyo hivyo. Sasa wewe umepata woga wa simba na simba hayuko. Kichwa kinatafuta cha kuogopa, na kwa sababu hakina chakula cha kutosha, kinakuletea mtu."

Nikamwuliza, "Na woga wa simu je? Huo ulikuwapo kabla ya vidonge."

"Huo nao unapandisha sukari," akasema. "Mtu mwenye wasiwasi kila siku, mwili wake uko vitani kila siku, na vita vinahitaji sukari kwenye damu. Kisha sukari inaharibika, nawe unapata wasiwasi zaidi. Hivi viwili vinaleana."

Wamenibadilishia dawa, nimepewa kamashine ka kutoboa kidole nyumbani. Nakula asubuhi, mchana na jioni, kidogo kidogo, ugali nao naula. Woga wa mchana umeisha. Nimekaa wiki mbili na nusu bila kumwona.

Nilifurahi, Mutie, halafu nikakasirika. Kwa hiyo Mwaitu alihitaji uji tu. Nyanya Nthambi hakumfuata kumchukua. Ilikuwa njaa.

Ila kuna kitu hakikai sawa. Uliandika kwamba ungekuja lakini mgongo. Umeweza kukaa wiki mbili kwenye mazishi Kyuso. Kutoka Mwingi mpaka hapa ni asubuhi moja tu. Dada yako alikuwa anakufa na wewe ukaituma karatasi. Sikuulizi kwa hasira. Nataka kujua tu.

Ndunge


Baba Dogo
8 Juni 2025

Kaka Mutie,

Sijapata jibu. Nilimtuma Mbinya ofisi ya vifurushi kabla hajarudi shuleni, na mimi mwenyewe nimeenda mara nyingi, wanatikisa kichwa tangu ninapoingia mlangoni. Natumaini mko wazima. Huku baridi imeanza, biashara ya makoti imechangamka.

Nakuandikia kwa sababu amerudi.

Ilikuwa Jumamosi. Nilikuwa nimekula uji, yai na kipande cha muhogo. Nilikuwa nakunja nguo za mteja, sikuwa nafikiria chochote. Nikahisi moyo unakimbia, nikainua macho, na Mwaitu amesimama pale pale pa zamani. Nilitoboa kidole. Nilitaka sana namba iwe mbaya. Ilikuwa sita na kidogo, Mutie, namba nzuri ambayo Mideva angeipigia makofi. Nikaitazama ile namba, nikamtazama Mwaitu. Hakuondoka.

Nilienda kwa Mideva nikiwa nimemkasirikia. "Ulisema ni sukari," nikamwambia.

"Nilisema sukari na woga vinaleana," akajibu. "Sukari tumeitibu. Sasa woga nao ni ugonjwa wake mwenyewe, nao unataka matibabu yake. Na kuna huzuni ambayo hujaigusa tangu mama yako afe. Hakuna mashine ya kupima hiyo."

Basi sasa kila Alhamisi naenda kukaa na mama mmoja mshauri hapo hospitalini. Ananifundisha kupumua, jambo la kuchekesha kwa mtu wa miaka arobaini na minne. Ananiuliza habari za Mwaitu. Nilipomwambia sikuwahi kuuona mwili wake, kwamba nilifika wamekwisha kumfunika, nilimwomba tuishie hapo.

Wiki iliyopita aliniambia nikimwona tena nisikimbie na nisijilazimishe kumfukuza. Nipumue, nimalize mshono ulioko mkononi. Nilifanya hivyo. Alisimama, mimi nikashona. Nilipomaliza suruali hakuwapo.

Jibu, kaka. Sitaki maelezo ya Kyuso. Niambie tu uko hai.

Ndunge


Mwingi
29 Juni 2025

Ndunge, mtoto wa mama yangu,

Sisi tu wazima, isipokuwa mimi. Barua zako zote mbili ninazo. Nimeanza kujibu nikachana, nimeanza nikachana, mpaka Mama Kyule akauliza kama naandika kesi.

Sikuacha lori kwa sababu ya mgongo.

Ilikuwa mwaka mmoja baada ya Mwaitu. Nilikuwa natoka Athi River na saruji, niko peke yangu, jua la saa tisa, barabara nyeupe. Nilipoteremka pale Kanyonyoo nilimwona amesimama kando ya lami. Si kivuli, si mti. Mwaitu, na jembe lake begani, kama alivyotoka siku ile. Alianza kuvuka. Nilikanyaga breki mpaka lori likakaa kimshazari barabarani. Nilishuka nikachungulia chini ya magurudumu. Nilitambaa chini ya lori zima, Ndunge, nikimtafuta mama ambaye nilimzika kwa mikono yangu. Madereva wa nyuma walikuwa wanapiga honi. Nilipeleka mzigo, nikarudisha ufunguo, nikasema mgongo.

Tangu siku hiyo sijapita Kanyonyoo. Kyuso naenda kwa sababu ni upande wa huku. Nikifikiria tu kupanda gari la Nairobi, kifua kinajaa, mikono inalowa, na najua amesimama ananingoja. Nilipoisoma barua yako ya mwezi wa tatu nilienda stendi kweli. Nilikata tiketi. Gari liliondoka na mimi niko pale nimeshika mlingoti. Kisha nikarudi kwa Kilonzo nikaandika.

Na lingine. Kiu ninayo. Vidole vya mguu wa kushoto sivisikii, juzi nilikanyaga mwiba na Mama Kyule ndiye aliyeuona. Zahanati iko karibu, naiona nikisimama kwenye boma la mbuzi. Sijaenda. Nikisema siendi kwa sababu ya shamba, wananiamini.

Wewe una kamashine. Njoo unipime wewe. Mtu mwingine simwezi.

Mutie


Baba Dogo
6 Julai 2025

Kaka,

Jumamosi hii nakuja, Mungu akipenda. Wanja amesema atakalia cherehani yangu, na amefunga mashuka mawili ya Mama Kyule. Usijitayarishe. Usile wala usiache kula kwa ajili yangu. Ukiona mguu umevimba au una kidonda, usinisubiri, nenda zahanati hata kama utatetemeka njia nzima. Mtu huweza kutembea huku anatetemeka, nimejaribu.

Ndunge


Mwingi
14 Septemba 2025

Dada yangu Ndunge,

Nimefika salama. Mama Kyule anakushukuru kwa kunitunza wiki zile zote na analalamika kwamba umenirudisha na tabia za mjini, eti naomba mboga kwanza kabla ya ugali. Mbuzi wako wazima. Mbinya mwambie nimemwekea kile kibeberu kidogo tulichobishania, aje achukue baada ya mtihani.

Zahanati nimekwenda, peke yangu. Sukari ilikuwa tisa. Yule kijana wa pale alikunja uso, mimi nilitaka kumkumbatia, kwa sababu nakumbuka ile ishirini na moja uliyoisoma uani na jinsi ulivyoificha mashine nyuma ya kitenge kabla ya kuniambia. Mguu naukagua kila asubuhi kwa kioo. Kidole kimoja kimeanza kuhisi kidogo, au ninajidanganya.

Nataka kukuambia habari za barabara.

Siku ile uliponipeleka Nairobi, tulipokaribia Kanyonyoo, ulinishika mkono ukaniuliza, "Unamwona?" Nikakwambia hapana. Nilimwona. Alikuwa pale pale na jembe. Nilipumua kama ulivyonionyesha, nikahesabu, nikayakaza macho kwenye kiti cha mbele, na gari halikusimama. Nilisema hapana kwa sababu ulikuwa umenishika kwa nguvu sana, na nikajua na wewe ulikuwa unaogopa.

Juzi nimerudi peke yangu. Nilikaa dirishani kwa makusudi. Tangu Matuu nilikuwa tayari, nimejipanga, nimekula, nimepumua, nimejiambia atakuwepo na mimi nitapita. Tukaanza kuteremka. Nikatazama kando ya lami. Palikuwa na wanawake wanauza maembe mabichi na mtu anasukuma baiskeli. Nikatazama upande wa pili. Nikageuka nikatazama nyuma mpaka shingo ikauma.

Hakuwepo, Ndunge.

Kwa miaka kumi nimeiogopa barabara ile, na sikuwahi kufikiri kwamba ndiyo mahali pekee nilipojua mama yangu yuko. Nilianza kulia na sikuweza kujizuia. Mwanamke aliyekuwa ameketi kando yangu akanipa leso yake.

"Mzee, pole," akasema. "Umefiwa?"

"Ndiyo," nikamwambia. "Na mama yangu."

"Pole sana. Lini?"

Nikamwambia, "Sasa hivi."

Kaka yako,
Mutie